Maziwa Kabla ya Shahidi

Nilifika Alhamisi, lakini ukumbini ilikuwa bado Jumanne. Nyumba ya Baridi iko hivyo. Upande wa mlangoni siku hukimbia, upande wa friji siku hukawia, kwa sababu kilichogandishwa hakina haraka. Nimeosha vyombo katika nyumba hiyo miaka kumi na mmoja na bado sijaizoea ile hatua ya katikati, pale kwenye kigae kilichopasuka, ambapo mguu wa kulia uko leo na wa kushoto uko juzi. Wengine hupavuka wakipiga soga. Mimi husimama. Siku ile nilisimama, nikavuka, nikarudi, nikavuka tena, nikarudi. Sikuwa nimekuja kuosha. Zamu ilikuwa ya mke wangu.

Mke wangu aliitwa Mbonea. Naliandika jina lake hapa juu, mapema, kabla habari hii haijafika mahali linapokatazwa.

Katika mji wetu mtu akifa hahesabiwi kuwa aliwahi kuwepo mpaka Shahidi amtambue. Roho ikikaribia kutoka, watu wa Nyumba huja kuchukua damu ya kidole. Damu hutiwa kwenye kichupa kisichozidi kifundo cha kidole kidogo, huandikwa jina, hugandishwa. Familia husubiri. Zamu ikifika, damu huletwa mbele ya Shahidi. Akiitambua, mstari mweusi hujitokeza kwenye utando mweupe, na karani huligongea jina muhuri katika Daftari la Waliokuwepo. Asipoitambua, karani huchukua wembe na kulikwangua jina mpaka karatasi ibaki nyembamba kama ganda la kitunguu. Baada ya hapo hakuna kulia, hakuna dua, hakuna kumtaja. Huwezi kumlilia mtu ambaye hakuwepo. Ni kosa, kama kosa la kuvaa sare ya askari nawe si askari.

Shahidi mwenyewe si mtu. Ni tone. Wataalamu humwita kingamwili. Umbo lake, wanasema, ni kama panda ya manati, mikono miwili juu na mguu mmoja chini, na ni mdogo kiasi kwamba maelfu yake wangepita tundu la sindano bila kupigana vikumbo. Alizaliwa ndani ya damu ya sungura jike mweupe tuliyemwita Bibi Harusi. Sungura huyo alichomwa sindano yenye kipande cha kitu cha binadamu. Wiki tatu zikapita, akachomwa tena. Kisha tena. Damu yake ikakikataa kitu kile, ikakikataa kwa bidii, mpaka ikakijua kuliko sisi wenye nacho tunavyokijua. Hapo ndipo swali langu lilipoanzia, na halijaniacha nikae: anayekujua kwa hakika ni nani? Yule aliyekupenda, au yule ambaye damu yake ilikukataa?

Kitu chenyewe ni kimeng'enya. Kina jina refu la kitaalamu; sisi wa vyombo tulikiita Kifutio. Kazi yake nilielezwa na Bi. Sikudhani, fundi wa maabara, siku moja tukinywa chai. Mshipa wa fahamu huuita msuli, ukauambia: kaza. Msuli unakaza, mkono unafumba. Lakini mwito ule ukibaki pale, mkono utabaki umefumba milele. Ndipo Kifutio kinapopita na kuufuta, na mkono unafunguka, tayari kwa mwito mwingine. Basi kila ukiachia kitu, kuna kilichofutwa ndani yako. Wakuu wa zamani waliamua kwamba hicho ndicho kipimo. Mtu, walisema, ni yule ambaye mkono wake huweza kufunguka. Waliyasema hayo wakiwa wameshika mji mzima.

"Shemeji," Bi. Sikudhani aliniita kutoka upande wa friji, "unakizunguka hicho kigae kama kuku anayetafuta pa kutagia. Vuka au rudi nyumbani."

"Navuka."

"Umesema hivyo tangu Jumanne."

"Si hapa ndipo Jumanne?"

"Basi una bahati, hujachelewa. Njoo."

Aliniita shemeji kwa sababu ya Mbonea. Kila Jumamosi walisukana nywele kwenye ngazi za nyuma, wakisengenya mji mzima na mimi nikiwemo. Mbonea hakuajiriwa na Nyumba, lakini alimlisha Bibi Harusi. Matembele ya uani kwetu aliyachuma yeye, akayakung'uta, akayaanika kivulini yakauke umande, akanipa nibebe kwenye beseni. Alifanya hivyo miaka yote ya sungura yule. Mbonea alikufa, na baada ya miezi mitatu Bibi Harusi naye akafa. Shahidi wake alibaki kwenye kichupa kimoja, na siku ile ya zamu yetu kichupa kilikuwa na tone moja. Sungura mwingine angeweza kufundishwa, lakini angezaa shahidi mwingine, mwenye jicho lingine. Kwa hiyo hapakuwa na kurudia. Tone lile likikosea, au tukilikosea, basi.

Bi. Sikudhani alifungua friji. Ukungu ukatoka na kumficha mpaka kiunoni. Vichupa vya wafu vilikuwa vimejipanga vimevaa manyoya ya barafu, vyote, safu kwa safu. Akaingiza mkono wenye glavu, akatoa cha Mbonea. Hakikuwa na manyoya. Kilikuwa kikavu, kinang'aa, na wino wa jina ulikuwa umechakaa katikati, pale ambapo kidole gumba hukaa.

Alikitazama. Kisha akanitazama mimi.

"Shemeji."

"Naam."

"Kichupa hiki kimeshikwa."

Niliitazama mikono yangu.

"Mara ngapi?"

"Kila asubuhi."

"Tangu lini?"

"Tangu arobaini yake."

Midomo yake ilihesabu. Mwaka na zaidi. "Ulikuwa ukifanya nini?"

"Kumwamkia."

"Kumwamkia."

"Nakishika mpaka baridi iniume. Halafu mpaka isiniume. Halafu nakirudisha."

Bi. Sikudhani alivua glavu moja akajifuta uso. Alipozungumza, alizungumza taratibu, kama anayemwambia mgonjwa habari ambayo mgonjwa anaijua. "Hata kuku, ukimyeyusha na kumgandisha mara tatu, hana tena ladha ya kuku. Wewe umemyeyusha Mbonea mara karibu mia nne. Kifutio chake kitakuwa kimekatikakatika. Shahidi atamtafuta nani?"

Kwenye mlango wa friji ile kuna tangazo: KILICHOYEYUSHWA KISIGANDISHWE TENA. Nimelifuta vumbi kila Ijumaa kwa miaka kumi na mmoja. Nalijua kwa moyo. Nilidhani linawahusu wanaofungua friji kwa uzembe. Sikujua linamhusu na anayefungua kwa mapenzi. Kwa hiyo nilikuwa nikimmaliza. Kila asubuhi, mkononi mwangu, kwa joto langu mwenyewe, nilikuwa nikimmaliza huku nikimuuliza ameamkaje.

Nilitaka kukaa, nikashindwa kukaa. Nilitaka kutoka, nikakikumbuka kigae.

"Tutafanya tu," alisema. "Zamu ni zamu. Karani yuko njiani."

Damu iliyeyushwa kwa mara ya mwisho, ikachanganywa na maji yake makali, ikachemshwa, ikatiwa kwenye kishimo cha jeli pamoja na damu ya kulinganisha, ambayo ni ya mtu hai. Siku ile mtu hai nilikuwa mimi. Bi. Sikudhani alinichoma kidole bila kuniuliza. Kisha umeme ukapitishwa na mbio zikaanza. Ndani ya jeli kila kilichomo kwenye damu hukimbia kutoka juu kwenda chini. Kidogo hukimbia mbali, kikubwa hukawia, na kila kitu kina mahali pake pa kuishia. Kifutio kizima huishia sehemu moja, iliyotiwa alama ya penseli. Hapo tu ndipo karani hutazama. Mimi na mke wangu tulikimbia sambamba saa nzima, njia zikiwa mbili, upana wa unyasi kati yetu. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kwenda naye mahali.

Mbio zilipoisha kila kitu kilihamishiwa kwenye utando. Utando ni karatasi nyeupe yenye njaa. Chochote kikiugusa, huking'ang'ania. Ndiyo maana kabla ya Shahidi huogeshwa kwa maziwa, maziwa ya unga yasiyo na mafuta, yaliyokorogwa kwenye beseni pana. Maziwa huujaza utando kila penye nafasi tupu, njaa yake inaisha, na Shahidi akishuka hana pa kushika ila kwa yule anayemjua. Bila maziwa angeshika popote. Angesema ndiyo kwa kila kitu, na utando wote ungekuwa mweusi, juu mpaka chini.

Bi. Sikudhani alichukua kopo la maziwa. Hakulifungua.

"Naweza kusema yamekwisha," alisema.

"Hayajakwisha."

"Karani hajui kopo lina nini. Anatazama palipotiwa penseli tu. Utando wote ukiwa mweusi, na pale penye penseli patakuwa peusi. Atagonga muhuri, ataenda kula. Mbonea atakuwa amekuwepo."

"Na mtu akiuliza kwa nini ni mweusi mzima?"

Alicheka bila sauti. "Umewahi kupita ukumbi wa mbele ukatazama juu?"

Nilikuwa nimepita. Kule mbele wametundika tando za wakuu wa mji, kila mmoja katika fremu yenye kioo, na wageni huonyeshwa. Ni nyeusi tii. Siku zote nilidhani ni kwa sababu wakuu walikuwepo sana, walikuwepo kuliko sisi. Lakini mimi ndiye muosha vyombo. Nilikumbuka zamu zao, magari uani, suti, na nikakumbuka mabeseni. Siku za zamu ya mkuu, beseni la maziwa lilirudi kwangu kavu. Sikuwahi kuliosha. Nililipanga rafuni jinsi lilivyo na kushukuru kwa kupunguziwa kazi.

"Wewe ndiye uliyewafanyia?"

"Mimi na aliyekuwepo kabla yangu. Nani angekataa? Wao wamekuwepo mpaka wamepitiliza, mwenzio anakaribia kukwanguliwa. Mwache naye awepo kidogo. Ninamfanyia yeye, si wewe. Wewe nimekukasirikia."

Akaliweka kopo mbele yangu, akatoka kwenda kumpokea karani. Nilibaki peke yangu na utando, kopo, na tone.

Nilisikia sauti kutoka kwenye kichupa. Sisemi kwamba kila mtu angeisikia. Shahidi alikuwa akisema hivi:

Sijui nani. Najua pembe moja, na kishimo kilicho kando ya pembe. Nikikutana nayo nashika. Nisipokutana nayo naogelea.

Naulizwa alikuwepo? Sijui kuwepo. Najua kushika.

Ukininyima maziwa nitashika ukuta. Nitashika njaa ya karatasi na kuiita mtu.

Nilikuwa ndani ya sungura. Palikuwa na joto. Asubuhi palikuja kitu kibichi, kikavu bila umande, kikageuka damu, damu ikageuka mimi. Aliyekileta sikumwona. Sina pembe yake. Nina jani lake.

Nilikiacha kichupa cha Shahidi, nikazunguka meza. Nikatoka, nikaingia ukumbi mrefu, nikavuka kigae, na nilipogeuka nikamwona mtu upande wa friji, mgongo kwangu, amebeba beseni la matembele. Shati lilikuwa la kwangu, lile lililoungua pasi begani. Alikuwa mimi wa miaka tisa nyuma, anakwenda bandani kwa Bibi Harusi, hana neno. Na nje ya dirisha la upande ule wa siku, sauti ya Mbonea ilikuwa ikimfuata.

"Usimpe yenye umande. Atavimba tumbo, halafu mseme ni mimi."

"Nimesikia," alijibu yule mtu bila kugeuka.

"Hujasikia. Ungesikia ungegeuka."

Nilitaka kumwita. Nilitaka kumwambia: geuka sasa, mtazame kabisa, ili baadaye usije ukamtafuta kwa kumshika. Nilifungua mdomo. Lakini yeye alikuwa Jumanne ya mbali sana, akakata kona, na beseni likaacha harufu ya majani.

Nilirudi mbio. Nilitaka jambo moja tu, nalo lilikuwa wazi mbele yangu kama kopo. Nilitaka mmoja, mmoja tu asiyenionea huruma, aseme alimwona. Bi. Sikudhani angesema ndiyo kwa kunihurumia, na kunikasirikia. Majirani wangesema ndiyo kwa adabu. Karatasi isiyoogeshwa ingesema ndiyo kwa njaa. Ndiyo za namna hiyo ninazo nyingi nyumbani, hazinilazi usingizi. Na yule aliye kwenye kichupa alikuwa amelishwa kwa mkono wa Mbonea. Nikimfanya aseme uongo, ningekuwa nimemfundisha uongo mtoto wa majani yake.

Nilifungua kopo. Nikapima vijiko vitano, nikakoroga mpaka vidonge vikaisha, nikamimina. Utando ulizama. Nikalitikisa beseni polepole, kama ilivyo desturi, saa nzima, na mikono yangu, kwa mara ya kwanza siku ile, ilitulia kwa sababu ilikuwa na la kufanya.

Bi. Sikudhani aliporudi, akiwa amemwacha karani ukumbi wa mbele, alitazama beseni jeupe, akafumba macho.

"Mbishi wewe," alisema. "Mbonea alikuwa akiniambia."

Alidondosha tone. Tuliliacha litafute. Kisha akaleta shahidi wa pili, aliyetoka kwa mbuzi, ambaye hamjui binadamu hata kidogo. Yeye anamjua sungura tu, na kazi yake ni kwenda pale sungura alipokaa na kutia rangi. Ndivyo ushahidi unavyosafiri: mtu anashikwa na sungura, sungura anashikwa na mbuzi, na mwishoni sisi tunaona doa.

Karani Mwinjuma aliingia akiwa na daftari kwapani na wembe kwenye mfuko wa shati, kama kalamu. Ni mtu mpole. Alinipa mkono.

"Pole, Bwana Vyombo. Leo uko upande wa pili wa beseni."

"Nimeshapoa, Karani."

"Tuone basi."

Rangi ilipanda. Kwenye njia yangu mstari ulitokea upesi, mnene, mweusi, penye penseli, wa mtu hai asiye na shaka. Kwenye njia ya Mbonea, penye penseli, palikuwa peupe. Tulisubiri. Palibaki peupe. Ila chini yake, mbali na alama, kule ambako vitu vidogo hukimbilia, kulianza kuonekana madoa. Hafifu. Moja, halafu mengine matatu, halafu kama vumbi la mkaa lililopeperushwa kuelekea chini.

"Amemwona," Bi. Sikudhani alisema. "Tazama. Amemwona vipandevipande."

Karani aliinama mpaka pua ikakaribia utando. Alichukua muda. "Naona," alisema. "Sikatai kwamba naona. Lakini mimi naulizwa kuhusu mahali pake. Mahali pake ni patupu."

"Kilichovunjika kinaanguka chini ya mahali pake, Karani. Hata kikombe."

"Bi. Sikudhani, daftari halina safu ya vipande. Lina ndiyo, na lina wembe." Alinigeukia. "Nani alimvunja?"

"Mimi," nilisema.

Alitikisa kichwa, kwa huruma, nadhani. Akafungua daftari kwenye meza, akatafuta mstari, akakwangua. Sauti ya wembe kwenye karatasi ni ndogo sana. Ni kama mtu anayekuna mahali pasipowasha. Herufi ya kwanza iliondoka, ya pili ikaondoka, na unga wa wino ukakaa kwenye ukurasa mpaka alipoupuliza.

Hapo niliacha kumtazama. Nilikuwa nikitazama madoa. Hayakuwa uongo. Hakuna aliyeyaomba. Yule asiyemjua mtu, asiye na huruma na mtu, alishuka katika maziwa, akapita weupe wote ule bila kushika, akaenda kushika pale, na pale, na pale. Kila doa lilikuwa asubuhi moja. Nilianza kuyahesabu, nikaacha.

"Imekwisha," alisema Karani Mwinjuma. "Kilichobaki ni kichupa. Kanuni inasema mabaki ya asiyekuwepo yaende kwenye pipa. Bi. Sikudhani, kiko wapi?"

Bi. Sikudhani alitazama mezani. Akatazama kishikilio cha vichupa. Kisha akanitazama mimi, chini, upande wa kulia.

Sikumbuki nilikichukua saa ngapi. Kilikuwa mkononi mwangu, na ndani yake palibaki damu kidogo iliyozidi kishimo cha jeli. Hakikuwa tena na baridi ya kuniuma.

"Bwana Vyombo," karani alisema kwa upole, "fungua mkono."

Niliuambia ufunguke. Nasema kweli, niliuambia. Nilijua kinachotakiwa kutokea: mwito ulikuja, msuli ulikaza, sasa Kifutio kipite kifute. Mstari wangu ulikuwa pale kwenye utando, mnene, mweusi, ukithibitisha kwamba ninacho, kizima, mahali pake. Nilingoja kipite.

"Fungua, ndugu yangu."

Bi. Sikudhani alisogea akasimama kati yetu, akaanza kuosha beseni la maziwa, kazi ambayo ni yangu. Maji yalitiririka. Karani alichungulia juu ya bega lake, akatazama mkono, akatazama saa ya ukutani, ambayo upande ule bado ilikuwa ya Jumanne. Akavuta kiti, akakaa kusubiri.

Mkono haukufunguka.